Celeron 300A: prosesa ya walalahoi iliyowafikia vigogo

Haya wadau, bumu likikaribia maswali ni yale yale: "Nina hela ya mawazo, nataka mashine ya gemu, ninunue nini?" Kabla hujakimbilia Kariakoo, ngoja tupige historia kidogo, maana swali hili lilishapata jibu tamu mwaka 1998.

Aprili mwaka huo Intel walitoa Celeron ya kwanza, 266 MHz. Ilikuwa Pentium II iliyonyofolewa kache yote ya L2 ili bei ishuke. Kache ni kabati dogo la karibu na prosesa; likikosekana, kila kitu kinafuatwa mbali kwenye ramu. Watu wakaicheka, na jina Celeron likachafuka.

Tarehe 24 Agosti 1998 ikaja Celeron 300A, dola 149 kwa bei ya jumla. Siku hiyo hiyo ikatoka Pentium II ya 450 MHz, dola 669. Tofauti dola 520 jamani! Sasa sikiliza utamu. Pentium II ilikuwa na kache ya KB 512, ila chipu zake zilikaa nje ya prosesa na kwenda nusu ya mwendo wake. 300A ilipewa KB 128 tu, lakini ndani kabisa ya prosesa, mwendo kamili. Kwenye gemu nyingi kadogo kenye kasi kalitosha.

Halafu hesabu ya form two: 66 MHz za mazabodi mara 4.5 ni kama 300. Hiyo 4.5 ilifungwa kiwandani, haiguswi. Ila mazabodi zenye chipseti ya 440BX zilikuwa na 100 MHz pia. 100 mara 4.5? 450! Kwenye ABIT BH6 ulibadilisha kwenye BIOS tu, bila kuhamisha jampa. Wengine walibandika selotepu kwenye pini B21 ya prosesa, mazabodi ikadanganyika. Na kwa kuwa 440BX iliijua 100 MHz rasmi, AGP na PCI zilibaki kwenye mwendo wake wa kawaida.

Si kila chipu ilikubali, nyingine ziligoma mpaka uongeze volti kidogo, na feni nzuri ilikuwa lazima. Lakini nyingi zilikubali, na mlalahoi akawa anapumuliana na kigogo kwenye Quake II. Chenji ikaenda kwenye Voodoo2 ya 3dfx, na hapo ndo gemu lilipoonekana kweli, maana kadi ya picha ndiyo inayobeba mzigo.

Intel waliendelea kuiacha Celeron kwenye 66 MHz hadi Januari 2001. Mnadhani hawakujua? Nani angenunua ya bei mbaya?

Sasa somo letu, wenye bumu. Jina la kwenye boksi linaweza kudanganya pande zote mbili: Celeron ya Aprili na ya Agosti zilikuwa na jina moja, vitu viwili tofauti. Uliza ndani kuna nini, mazabodi inaruhusu nini, halafu kinachobaki mpe kadi ya picha. Ila kwenye pawa saplai usibane hela, hiyo ikilipuka inaweza kuondoka na wenzake.

Naomba kuwasilisha.