Blauzi ya Mwanamke katika Mji wa Gisenyi

Vazi la juu la mwanamke lililokatwa kwa mkasi na kuungwa kwa uzi, yaani blauzi au shati lenye mikono, si la zamani sana katika mji wa Gisenyi, ulioko Wilaya ya Rubavu kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Kabla ya karne ya 20 wanawake wa Rwanda walivaa nguo za kufunga: inkanda, ambayo ni ngozi ya ng'ombe iliyosuguliwa kwa siagi mpaka ikalainika, na impuzu, ambayo ni gome la mti wa umuvumu lililopondwa likawa kama kitambaa. Mavazi hayo yalihitaji ustadi mkubwa wa kuandaa ngozi na magome, lakini hayakuhitaji kola, kifungo wala kwapa.

Pamba ilichelewa. Merikani, kitambaa kisichotiwa rangi ambacho wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakikishusha Unguja tangu miaka ya 1830, kilikwisha kuenea hadi Tabora na Ujiji, ilhali Mwami (mfalme) wa Rwanda Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, hakuiachia misafara ya pwani njia ya kuingia nchini mwake kwa uhuru. Mlango ulifunguka chini ya Wajerumani, ambao waliifanya Gisenyi kituo cha mpakani, na Waswahili wakaja na vitambaa pamoja na lugha yao. Mwaka 1901 Mapadre Weupe walianzisha misheni ya Nyundo, jirani na mji. Mafunzo ya sindano kwa wasichana yalipoenea pamoja na shule za misheni, gauni na blauzi zikawa alama ya ubatizo na elimu. Mwili ambao hapo awali haukudaiwa kufichwa ukaanza kupimwa kwa kipimo kipya cha heshima, na hilo lilikuwa badiliko zito kuliko badiliko la kitambaa.

Hata hivyo blauzi haikuufuta ufungaji wa nguo. Katika umushanana, vazi la harusi na sherehe, sketi hukusanywa nyongani na kitambaa chepesi hufungwa juu ya bega moja, huku kijiblauzi kilichoshonwa kikikaa chini yake. Ushonaji umekubali kuwa msaidizi, na kufunga kumebaki ndiyo sura ya vazi.

Mtindo mwingine wa blauzi ulitoka ng'ambo ya mpaka. Goma, mji wa Kongo, na Gisenyi zimeungana kiasi kwamba barabara moja hugawanya mitaa yake, na katika Zaire ya Rais Mobutu (Kongo ya leo) siasa ya uhalisi ya miaka ya 1970 iliwazuia wanawake kuvaa suruali na kuwahimiza kuvaa kitenge, ambacho katika Kiswahili cha Kongo huitwa kikwembe. Kitenge cha yadi 6 kwa desturi hugawanywa vipande vitatu: kimoja fundi cherehani hukishonea blauzi, kingine hufungwa kiunoni, cha tatu hufungwa juu yake au hubebea mtoto. Kwa kuwa sehemu ya chini hufungwa tu, ubunifu wote wa fundi huishia kwenye blauzi, katika mabega yaliyovimbishwa, shingo iliyochongwa na mikono yenye marinda, na hapo ndipo ufundi wa ushonaji wa eneo hili ulipofikia kilele chake.

Shati la kawaida, kwa upande wake, lilikuja kwa wingi kama mtumba, ambao Rwanda huuita caguwa. Mwaka 2016 serikali, kwa nia ya kukuza viwanda vya ndani kama UTEXRWA, ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikajibu mwezi Julai 2018 kwa kuzisimamishia nguo za Rwanda nafuu ya kuingia sokoni mwake bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Nia ya kukuza viwanda ilistahili kuungwa mkono, lakini aliyeulipia ushuru huo kwanza ni mwanamke wa kipato kidogo aliyezoea kupata shati imara kwa bei ndogo, na kwa kuwa mitumba iliendelea kuuzwa Goma, marobota yakaanza kuvushwa kwa magendo kuingia Rubavu.