Kenya: Urafiki wa dhati na "mapenzi" ya mapema kwa watoto wa miaka 9 hadi 12

Walimu na wazazi katika nchi jirani ya Kenya hukutana mara kwa mara na wanafunzi wa shule ya msingi wanaoitana "wapenzi" kabla hata ya kubalehe. Wengine huwa chanda na pete na rafiki mmoja, na wakikosana hukataa chakula na masomo.

Wataalamu wa makuzi hawauoni urafiki huo kuwa ugonjwa. Daktari wa akili wa Marekani, Harry Stack Sullivan, ambaye nadharia yake ilichapishwa mwaka 1953, alieleza kwamba mtoto anayekaribia balehe huhitaji rafiki mmoja wa dhati, aghalabu wa jinsia yake, na hapo ndipo huanza kujali furaha ya mwenzake kama yake mwenyewe. "Upenzi" wa umri huo nao mara nyingi ni kuketi pamoja, kugawana vitafunio na kuandikiana vikaratasi.

Mazingira, hata hivyo, yamebadilika. Tangu Januari 2023, gredi ya 7 hadi 9 zimewekwa katika shule za msingi, hivyo mtoto wa miaka 10 hushiriki uwanja mmoja na kijana wa miaka 14. TikTok na WhatsApp huweka umri wa chini kuwa miaka 13, lakini mtoto huzifikia kupitia simu ya mzazi.

Sheria haiadhibu urafiki wala barua. Ila Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 hailitambui ridhaa la mtoto aliye chini ya miaka 18. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hukabiliwa na kifungo cha maisha; mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Mshtakiwa akiwa mtoto pia, hushughulikiwa chini ya Sheria ya Watoto. Sheria hiyo, iliyopitishwa upya mwaka 2022, iliinua umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Kwa hiyo mvulana wa gredi ya 9 anaweza kufikishwa mahakamani kwa jambo ambalo yeye na mwenzake waliliona kuwa mchezo.

Dalili za kuangaliwa ni zawadi au pesa zisizoelezeka, rafiki mwenye umri mkubwa zaidi, siri zinazoambatana na vitisho, na mtoto kujitenga na wenzake wote.

Kichapo na aibu mbele ya darasa humfundisha mtoto kuficha, na anayeficha hatasema atakapodhulumiwa. Zamani mazungumzo haya yalikuwa ya nyanya, shangazi au, katika pwani, somo. Leo mzazi mwenyewe hulazimika kuyaanza. Penye shaka ya dhuluma, nambari 116 hupigwa bila malipo nchini Kenya.