Ndondi za wanawake: Kwa nini raundi ni ya dakika mbili, na nani anataka iwe tatu?

Bondia wa kike anapowania taji la dunia katika ndondi za kulipwa, kwa kawaida hupigana raundi 10 za dakika mbili kila moja. Mwanamume anayewania taji la uzito huohuo hupigana raundi 12 za dakika tatu. Kwa hesabu hiyo, pambano la ubingwa la wanawake lina dakika 20 za kupigana, na la wanaume lina dakika 36.

Tofauti hiyo ya dakika 16 imezua mjadala uliowagawa mabondia, madaktari na wasimamizi wa mchezo huo. Wapo wanaosema raundi fupi humlinda mwanamke dhidi ya majeraha ya ubongo. Wengine wanasema humnyima nafasi ya kuonyesha uwezo wake na kuwa kisingizio cha kumlipa ujira mdogo. Makala haya yanaeleza asili ya kanuni hiyo, hoja za pande zote mbili na maana yake kwa mabondia wa Afrika Mashariki.

Dakika tatu zilianzia wapi?

Raundi ya dakika tatu ikifuatiwa na mapumziko ya dakika moja iliwekwa katika kanuni za Queensberry, zilizochapishwa Uingereza mwaka 1867. Idadi ya raundi haikuwa moja nyakati zote. Kwa miongo mingi mapambano ya ubingwa wa dunia ya wanaume yalikuwa ya raundi 15.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya msiba. Mwezi Novemba mwaka 1982, bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, aliangushwa na Mmarekani Ray Mancini katika raundi ya 14 mjini Las Vegas, akafariki dunia siku chache baadaye kutokana na jeraha la ubongo. Baraza la Dunia la Ndondi, WBC, lilipunguza mapambano yake ya ubingwa hadi raundi 12, na mashirikisho mengine yakafuata katika miaka iliyofuata.

Kwa wanaume, basi, usalama ulitafutwa kwa kupunguza idadi ya raundi. Urefu wa raundi yenyewe haukuguswa. Kwa wanawake vyote viwili vilipunguzwa.

Wanawake walichelewa kuruhusiwa ulingoni. Nchini Uingereza, Jane Couch alilazimika kuishtaki bodi inayosimamia ndondi za kulipwa ili apewe leseni. Bodi hiyo ilidai, miongoni mwa mengine, kwamba hedhi huwafanya wanawake wasiwe na utulivu unaohitajika ulingoni. Couch alishinda kesi mwaka 1998, na mwishoni mwa mwaka huohuo akapigana kwa idhini rasmi katika nchi yake. Kumbukumbu ya kesi kama hiyo huwafanya mabondia wengi wa kike wawe waangalifu wanaposikia sababu za kitabibu zikitolewa kuwawekea mipaka.

Serrano aweka mkanda chini

Raundi ndefu kwa wanawake si jambo geni kabisa. Layla McCarter na Belinda Laracuente walikwisha kupigana raundi za dakika tatu mjini Las Vegas. Hata hivyo, mjadala ulipata uzito mpya mwaka 2023 kupitia Amanda Serrano, bondia mzaliwa wa Puerto Rico anayepigana katika uzito wa unyoya.

Mwezi Oktoba mwaka huo, Serrano na wenzake zaidi ya 20, wakiwa kazini na waliostaafu, walitoa tamko la pamoja. Hawakudai kwamba kila mwanamke alazimishwe kupigana dakika tatu. Walidai haki ya kuchagua. Tarehe 27 Oktoba, mjini Orlando, Florida, Serrano alipambana na Mbrazil Danila Ramos kwa raundi 12 za dakika tatu, akashinda kwa kauli moja ya majaji. Mikanda ya WBA, IBF na WBO ilikuwa ikiwaniwa. Mkanda wa WBC, ambao Serrano aliushikilia pia, haukuwekwa mezani kwa sababu baraza hilo halikukubali muda huo.

Mwezi Desemba Serrano aliuachia mkanda wa WBC kwa hiari yake, akieleza kwamba hatapigania mkanda wa chombo kisichowapa wanawake uamuzi huo. Kwa bondia, mkanda ni malipo, ni heshima na ni tiketi ya pambano lijalo. Kuuacha bila kupigwa ni gharama ambayo wachache huwa tayari kuilipa.

Hoja ya usalama

WBC, chini ya rais wake Mauricio Sulaimán, inashikilia kwamba wanawake wako katika hatari kubwa zaidi ya kupata mtikisiko wa ubongo. Hoja hiyo ina msingi. Tafiti za michezo kama soka na mpira wa kikapu, ambako wanaume na wanawake hucheza kwa kanuni zinazofanana, zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake huripoti mitikisiko ya ubongo kwa kiwango cha juu. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni nguvu ya misuli ya shingo, ambayo husaidia kuzuia kichwa kisirushwe kwa ghafla kinapogongwa.

Lipo pia suala la uchovu. Bondia aliyechoka hushusha mikono, miguu yake huwa mizito, na ngumi ambazo angezikwepa katika raundi ya pili humpata katika raundi ya tisa. Anayejikausha maji mwilini ili afikie uzito unaotakiwa huingia ulingoni akiwa dhaifu zaidi. Kwa mtazamo huu, kila dakika inayoongezwa ni dakika ya kupigwa kichwani.

Wanaopinga wanajibu kwamba tafiti za soka na mpira wa kikapu haziwezi kuhamishwa moja kwa moja hadi ulingoni. Katika ndondi mpinzani ni mwanamke mwenzake wa uzito uleule, na nguvu ya ngumi inayompata haitoki kwa mwanamume. Zaidi ya hayo, utafiti uliofanywa kwa mabondia wa kike wenyewe ni mdogo sana ukilinganishwa na ule wa wanaume. Hawajachunguzwa vya kutosha, lakini kanuni zinaandikwa kana kwamba jibu limeshapatikana.

Hoja ya usawa

Dakika moja hubadilisha sura ya pambano. Katika dakika tatu, bondia hutumia dakika ya kwanza kumsoma mpinzani, ya pili kumpiga mbavuni na tumboni ili kumpunguzia kasi, na ya tatu kutafuta matunda ya kazi hiyo. Katika dakika mbili hakuna muda wa kujenga. Mabondia hukimbilia kurusha ngumi nyingi ili kuwavutia majaji, na aliyetikiswa mwishoni mwa raundi mara nyingi huokolewa na kengele. Hii ni sababu mojawapo inayotajwa kueleza kwa nini mapambano ya wanawake huamuliwa kwa pointi mara nyingi zaidi.

Hapo ndipo suala la fedha huingia. Mapromota na vituo vya televisheni hupenda mapambano yanayomalizika kwa mtu kuangushwa, na mabondia wa kike wanasema huambiwa kwamba wanafanya kazi fupi, hivyo walipwe kidogo. Wanatoa mfano wa mapigano ya UFC, ambako wanawake hupigana raundi za dakika tano sawa na wanaume, na pambano la ubingwa huwa la raundi tano kwa wote.

Watetezi wa kanuni iliyopo hutaja tenisi: wanawake hucheza seti tatu na wanaume tano katika mashindano makubwa manne, na tangu mwaka 2007 zawadi ni sawa katika yote manne. Mfano huo unaweza kusomwa kwa namna mbili. Unaonyesha kwamba muda mfupi si lazima uwe dharau. Unaonyesha vilevile kwamba muda mfupi hauwezi kuwa sababu ya malipo madogo.

Hata mabondia wenyewe hawana kauli moja. Mapambano matatu ya Serrano na Katie Taylor wa Ireland, ya mwaka 2022, 2024 na 2025, yote yalikuwa ya raundi 10 za dakika mbili, na yote alishinda Taylor. La kwanza, katika ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, linatajwa miongoni mwa mapambano bora ya wanawake kuwahi kufanyika.

Kinachofanyika Olimpiki

Katika ndondi za ridhaa, suala la dakika limekwisha kuamuliwa. Wanawake walipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, London 2012, walipigana raundi nne za dakika mbili. Wanaume walipigana tatu za dakika tatu. Kufikia michezo ya Tokyo, wote walipigana raundi tatu za dakika tatu.

Lakini tofauti nyingine ilibaki. Kofia za kinga ziliondolewa kwa wanaume wa ngazi ya juu mwaka 2013, kwa maelezo kwamba hazipunguzi mitikisiko ya ubongo. Wanawake waliendelea kuzivaa, hata Paris 2024. Uamuzi wa wanaume ulitolewa kwa kutegemea takwimu za wanaume. Kwa wanawake takwimu za kutosha hazikuwapo. Upungufu ni uleule unaoonekana katika ndondi za kulipwa.

Maana yake kwa Afrika Mashariki

Eneo letu limo ndani ya mjadala huu. Mkenya Fatuma Zarika alitwaa mkanda wa WBC mwaka 2016 kwa kumshinda Alicia Ashley katika jimbo la Michigan, Marekani, kisha akautetea jijini Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia. Anayetaka kufuata njia yake chini ya WBC atapigana dakika mbili. Christine Ongare, aliyeipatia Kenya medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2018, alipigana dakika tatu katika Olimpiki ya Tokyo. Bondia anayetoka ridhaa kwenda kulipwa hujikuta akirudishwa kwenye raundi fupi kuliko alizozizoea.

Swali la usalama nalo lina uzito wake hapa. Hatari ya raundi haipimwi kwa saa pekee. Inategemea kama daktari yupo kando ya ulingo na ana mamlaka ya kusimamisha pambano, kama gari la wagonjwa liko tayari nje ya ukumbi, kama hospitali yenye mashine ya kupiga picha za ubongo iko karibu, na kama bondia aliyeangushwa huzuiwa kupigana tena hadi apone. Palipo na hayo yote, dakika ya tatu inaweza kujadiliwa kwa utulivu. Yasipokuwapo, hata dakika mbili ni nyingi, kwa mwanamke na kwa mwanamume.

Kwa hiyo bondia anayepewa mkataba wa raundi za dakika tatu ana haki ya kuuliza zaidi ya kiasi cha malipo. Aulize ni nani atakayegharimia vipimo vya kichwa kabla na baada ya pambano, na kama bima itamfikia akiumia. Uhuru wa kuchagua alioudai Serrano unahitaji majibu hayo. Asiye nayo atakuwa akichagua gizani, na mara nyingi mwenye haja ya fedha ndiye wa kwanza kutia sahihi.