Kiunzi cha Maji: Historia Fupi ya Jeli ya Kuunga Neva

Leo naomba ruhusa niweke kando habari za programu. Miaka sita iliyopita binamu yangu, fundi wa mjengo, alianguka kutoka kwenye kiunzi akaumia uti wa mgongo. Tangu siku hiyo anatumia kiti cha magurudumu. Juzi alinitumia anwani ya tovuti moja ya ng'ambo inayodai kwamba ukidungwa jeli yao mgongoni, neva huota upya. Bei yake ni sawa na shamba alilorithi. Kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa kompyuta" katika ukoo wetu, aliniuliza swali moja tu: niuze?

Mimi si daktari. Lakini nikikabidhiwa programu nisiyoielewa, huanza na historia yake: nani alibadilisha nini, na kwa nini. Nikafanya vivyo hivyo na jeli hii.

Kwanza, haidrojeli ni nini? Ni wavu wa polima unaofyonza maji mengi bila kuyeyuka. Lenzi laini za macho ni haidrojeli, na ndiko hadithi inakoanzia. Mwaka 1960 wanakemia wawili wa Prague, Chekoslovakia, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, waliandika katika jarida la Nature kuhusu jeli za kutumika mwilini. Krismasi ya 1961 Wichterle alitengeneza lenzi nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli. (Mafundi wetu wa jua kali wangemwelewa mara moja.) Sifa iliyotafutwa ilikuwa jeli ikae mwilini bila kuuchokoza. Kwa jicho, hilo linatosha. Kwa neva halitoshi.

Neva ya mkono ikikatika, nyuzi zake zinaweza kukua tena, kama milimita 1 kwa siku. Katika ubongo na uti wa mgongo hali ni tofauti. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliieleza tofauti hiyo kwa kina katika vitabu vyake vya 1913 na 1914, na kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba nyuzi za huko hazina uwezo wa kukua. Mwaka 1981, mjini Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipandikiza kama daraja kati ya shina la ubongo na uti wa mgongo. Nyuzi zilikua ndani ya daraja hilo kiasi cha milimita 30! Zilipotoka upande wa pili zilisogea kidogo tu, zikasimama. Kumbe mbegu ilikuwa nzima, udongo ndio uliokataa.

Mwaka 1982 Göran Lundborg na wenzake walitumia mrija mtupu wa silikoni kuunga neva ya mguu wa panya. Pengo la milimita 10 lilivukwa, la 15 likashindikana. Ndani ya mrija, mwili hufuma kwanza kamba ya faibrini, ile protini inayogandisha damu. Seli huifuata kamba hiyo, kisha nyuzi za neva. Pengo likizidi, kamba haifumwi. Kwa hiyo ndani ya mrija panahitajika kitu cha kushika, na jeli ikaanza kufikiriwa kama kiunzi.

Lakini seli itashikaje jeli iliyoundwa isishikwe? Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba seli hutambua mahali pa kushika kwa mfuatano wa asidi amino tatu tu, unaoandikwa RGD. Kwangu mimi hilo ni neno la siri la herufi tatu! Stéphane Woerly, nchini Kanada, aliliweka ndani ya jeli yenye matundu, ya polima iliyobuniwa katika taasisi ile ile ya Wichterle. Mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya paka waliokatwa uti wa mgongo: nyuzi za neva zilikuwa zimeingia ndani ya jeli.

Likabaki swali la kiunzi kuondoka. Mwaka 2003 Matthias Lutolf, Jeffrey Hubbell na wenzao walichapisha jeli ambayo viungo vyake hukatwa na vimeng'enya vya seli zenyewe, hivyo seli hujifungulia njia zinapokua. Waliijaribu kwenye mfupa, lakini wazo likahamia kwa watu wa neva. Mwaka 2006 Adam Engler na wenzake wakaonyesha kwamba hata ulaini ni ujumbe: seli shina zikiwekwa juu ya jeli laini kama ubongo, huelekea kufanana na neva, juu ya ngumu, mfupa.

Mwaka 2021 kundi la Samuel Stupp, Marekani, lilidunga panya waliopooza kimiminika kinachogeuka jeli ndani ya mwili. Baada ya majuma manne walitembea. Hapo moyo wangu uliruka, mpaka niliposoma tarehe: panya walidungwa siku moja tu baada ya kuumia. Binamu yangu ana miaka sita, na kovu lake limekomaa.

Kwa binadamu, mirija huunga neva za mikono zenye pengo fupi. Pengo likiwa refu, kwa kawaida madaktari huazima neva ya mguu wa mgonjwa mwenyewe. Kwa uti wa mgongo, hakuna haidrojeli ambayo imekuwa tiba ya kawaida.

Nikampigia simu nikamweleza yote. Nikamwambia kila akiona tangazo aulize: ni panya au watu? Jeraha jipya au la zamani? Pengo refu kiasi gani? Ile tovuti haikujibu hata moja. Sehemu ya kiunzi kinachoondoka aliielewa upesi kuliko mimi. "Ndugu yangu," akasema, "kiunzi kisichoondoka si kiunzi, ni ukuta."

Shamba hajauza. Kabla ya kukata simu aliniuliza kama nitamjulisha siku wakifikia watu wenye majeraha ya zamani. Nimemwahidi, na ndiyo maana nitaendelea kusoma habari hizi hata kama si fani yangu. Haya, tuonane tena juma lijalo.