Mapanki yanavyoeleza jinsi kiwanda kinavyotunza watu wake

Ukitaka kujua kama kiwanda cha samaki Mwanza kinajali wafanyakazi wake, usianzie ofisini. Angalia mapanki, yaani ile mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, ambayo watu wa mtaani wananunua, wanakaanga na kula. Panki lenye nyama nyingi ni neema kwa mama anayekaanga. Kwa mwenye kiwanda ni hasara, maana ile nyama ilitakiwa iwe kwenye boksi la kwenda nje.

Piga hesabu, ni mfano tu. Kiwanda kinapokea tani 10 za sangara kwa siku. Mkataji mzoefu akitoa minofu kilo 2 zaidi ya mgeni kwa kila kilo 100 za samaki, tofauti ni kilo 200 kila siku. Samaki ni wale wale, umeme ule ule. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kisu.

Mkono huo haupatikani kwa siku moja. Lakini samaki hawaji kwa ratiba, leo wapo kesho hawapo, ndiyo maana bosi wengi wanaona kibarua wa getini ni nafuu kuliko mwajiriwa wa mwezi. Kwenye karatasi ya mishahara ni nafuu kweli. Kwenye mapanki, sivyo.

Halafu kuna usafi. Umoja wa Ulaya uliwahi kufungia samaki wa Ziwa Victoria: 1998 kwa sababu ya kipindupindu, na tena 1999 kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Anayetaka soko hilo lazima awe na wafanyakazi waliofundishwa kunawa, kuvaa buti na kofia, na kupimwa afya.

Sasa jiulize: kibarua anayelipwa kwa siku akiamka anaharisha, atasema? Akisema, anarudishwa nyumbani na siku hiyo hana hela. Wengi watanyamaza na kuingia ndani kushika minofu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ila kwa kawaida asiyefikisha miezi 6 kazini hana haki ya likizo hiyo yenye malipo. Kwa hiyo yule anayebadilishwa kila mara ndiye mwenye sababu kubwa ya kuficha ugonjwa, na boksi moja lenye vimelea linaweza kurudisha mzigo mzima.

Majini hakuna ofisa utumishi, kuna mgao. Mwenye mtumbwi anatoa kwanza gharama kama mafuta, kinachobaki wanagawana na wavuvi kwa kiwango walichokubaliana. Ni motisha kali kuliko mshahara, kwani kila kilo inayoingia mtumbwini mvuvi ana chake, hahitaji kusimamiwa. Lakini wavuvi wakihisi gharama zimetiwa chumvi, sehemu ya samaki inauzwa kimyakimya hukohuko ziwani kabla ya kufika mwaloni. Tajiri anabaki kushangaa mbona siku hizi ziwa limekuwa gumu.

Wasomi wamelipima hili kwa upana. Mwaka 1995 Mark Huselid alichunguza karibu makampuni 1,000 ya Marekani. Yale yaliyochuja vizuri waajiriwa, kuwafundisha na kuwalipa kulingana na kazi yalikuwa na watu wachache wanaoacha kazi, uzalishaji mkubwa na fedha nzuri zaidi. Ubishi uliobaki ni wa kuku na yai: je, utunzaji wa watu ndio ulioleta faida, au kampuni yenye faida ndiyo inayomudu kutunza watu? Binafsi naona vyote viwili vinakwenda pamoja, na hapo ndipo mwenye biashara ndogo anapobanwa, kwa sababu mafunzo yanalipiwa leo na minofu ya ziada inakuja baadaye.

Mwenye kiwanda hana haja ya kusubiri ubishi huo uishe. Achukue mapanki ya wageni na ya wazoefu kwa wiki mbili, ayapime kwenye mzani mmoja.