Nira, mikono na pini: Vyuma vinavyomuunganisha ng'ombe na gari lake Unguja

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

GARI la ng'ombe bado ni chombo cha kazi katika Kisiwa cha Unguja. Hubeba mchanga, mawe, chokaa, kuni, nazi na makuti, na katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani hubeba pia mwani, zao ambalo kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989.

Mkazi wa mjini anapokutana na gari hilo barabarani huona magurudumu, mzigo na mnyama. Ni nadra kutazama kilicho katikati yao, yaani nira, mikono ya gari, minyororo, kulabu na pini. Hata hivyo, ni vifaa hivyo vinavyoamua kama mnyama atavuta kwa raha au kwa maumivu, na kama mzigo utafika salama au utaishia mtaroni.

Makala haya yanaeleza vifaa hivyo, kazi ya kila kimoja, na mambo ambayo fundi chuma na mwenye gari wanapaswa kuyazingatia.

Kutoka farasi hadi ng'ombe

Farasi hakuwa mgeni Unguja katika karne ya 19. Salme binti Said, binti wa Sultani Said bin Sultan, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anawataja farasi na punda waliopandwa na watu wa jumba la Mtoni. Punda weupe wa Maskati nao walikuwa na sifa kubwa mjini.

Lakini farasi alibaki kuwa mnyama wa fahari zaidi kuliko wa kazi. Sababu mojawapo ni mbung'o, ambaye hueneza ugonjwa wa nagana. Ugonjwa huo huwadhoofisha na kuwaua farasi, punda na ng'ombe, na farasi ndiye asiyeustahimili kabisa.

Unguja iliondokana na mbung'o katika miaka ya 1990. Mbung'o madume waliozalishwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi waliachiwa kutoka angani juu ya kisiwa kuanzia mwaka 1994, chini ya mradi ulioungwa mkono na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA). Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Tangu hapo mfugaji amekuwa na uhakika zaidi wa kumtunza mnyama wa kazi kwa miaka mingi.

Ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, vichochoro ni vyembamba mno kwa gari la mnyama. Huko mzigo husukumwa na mahamali kwa mikokoteni. Gari la ng'ombe ni la barabara za nje ya mji na njia za mashamba.

Sehemu kuu za kiungo

Kuna namna mbili za kumfunga ng'ombe. Ya kwanza ni ng'ombe mmoja kusimama kati ya mikono miwili ya gari. Ya pili ni ng'ombe wawili kuvuta pamoja kwa mti mmoja wa katikati, kila mmoja upande wake.

Kwa namna zote mbili, nira hukaa shingoni mbele ya nundu. Ng'ombe wa kienyeji ana nundu, na ni maumbile hayo yanayomwezesha kusukuma nira bila kuhitaji matandiko mengi. Punda hana nundu. Shingo yake ni nyembamba, na nguvu zake za kuvuta ziko kifuani na mabegani. Kwa hiyo punda anahitaji mkanda mpana wa kifua, pamoja na tandiko dogo mgongoni la kubeba uzito wa mikono. Kumvisha punda nira ya ng'ombe ni kumjeruhi.

Nira ya mbao ina faida ya kutopata joto kali. Nira ya bomba la chuma hudumu zaidi, lakini ikiachwa juani huchoma ngozi, na kingo zake hukata. Anayetaka chuma hana budi kukifunika kwa ngozi au turubai nene sehemu yote inayomgusa mnyama, na kuhakikisha hakuna ncha ya bolti wala donge la kuchomelea linalojitokeza upande wa ndani. Aidha, sehemu inayokaa shingoni iwe pana na ya mviringo, kwa sababu uzito uleule ukibebwa na eneo dogo huwa kidonda.

Hesabu ya uzito

Gari la magurudumu mawili ni kama mizani. Ekseli ndiyo kitovu chake. Mzigo ukikaa mbele ya ekseli, sehemu ya uzito humwelemea mnyama shingoni. Ukikaa nyuma, mikono huinuka na mkanda wa kooni humkaba.

Tuchukue mfano. Mzigo wa kilo 500 umepangwa ili kitovu cha uzito wake kiwe sentimita 10 mbele ya ekseli, na kutoka ekseli hadi kwenye nira ni sentimita 250. Uzito unaomfikia ng'ombe shingoni ni 500 mara 10, ukigawanywa kwa 250, yaani kilo 20. Mzigo huohuo ukisogezwa mbele hadi sentimita 40, ng'ombe atabeba kilo 80 shingoni kabla hajaanza kuvuta. Kinachohitajika ni uzito kidogo tu mbele, wa kutosha kuizuia mikono isiinuke.

Hesabu ya pili ni ya kuvuta. Ng'ombe anayefanya kazi kwa saa kadhaa huweza kuvuta kwa nguvu inayokaribia asilimia 10 ya uzito wake. Ng'ombe wa kilo 300, basi, ana nguvu endelevu ya takriban kilo 30. Gari lenye matairi ya upepo na mzigo wake, likiwa na jumla ya kilo 700, linahitaji karibu asilimia 3 ya uzito huo kwenye lami, yaani kilo 21. Kazi hiyo anaiweza. Kwenye mchanga mkavu mahitaji hupanda hadi asilimia 15 au 20, yaani kilo 105 hadi 140. Hapo hata kiungo kizuri namna gani hakisaidii. Mzigo lazima upunguzwe.

Wapi chuma hukatika

Mafundi wengi hutumia ekseli, rimu na tairi za magari makuukuu, na mikono hutengenezwa kwa mbao au kwa bomba la chuma. Bomba lina faida kubwa kwa kazi hii. Kwa uzito uleule wa chuma, bomba lenye uwazi hustahimili kupinda kuliko nondo isiyo na uwazi.

Mkono wa gari haukatiki ovyo. Hupinda na kukatika pale unapoungana na fremu, kwa sababu nguvu ya kupinda huwa kubwa zaidi mahali hapo. Ndiyo maana haifai kuweka kiungo cha kuchomelea katika sehemu hiyohiyo pekee bila kuiimarisha. Bamba la pembetatu likichomelewa kati ya mkono na fremu hueneza nguvu katika eneo kubwa zaidi. Vilevile, tundu la bolti likilazimika kutobolewa kwenye mkono, litobolewe ubavuni, katikati ya kimo cha bomba, na si juu wala chini. Chuma cha juu na cha chini ndicho kinachobeba nguvu nyingi mkono unapopinda.

Pini inayounganisha nira na mikono inastahili uangalifu wa pekee. Pini iliyoshikwa upande mmoja tu hupinda na kulegea. Pini inayopita katikati ya masikio mawili ya bamba, huku kiungo kikiwa kati ya masikio hayo, hugawa nguvu sehemu mbili na hudumu zaidi. Ni vyema iwe na kizuizi cha kuizuia isichomoke kwa mitikisiko ya barabara, pamoja na pete ya kuivutia. Ng'ombe akianguka, mwendeshaji anapaswa kuweza kuichomoa kwa mkono mmoja bila kutafuta nyundo.

Pini pia huliwa polepole kwa msuguano. Pini ya milimita 16 ikilika hadi kubaki milimita 12, mtu huona imepungua robo tu. Kwa kweli eneo lake la kubeba mzigo limepungua kwa karibu asilimia 44. Mnyororo nao hukaguliwa kwa njia hiyohiyo, mahali pingili zinapogusana.

Jambo jingine ni kishindo. Gurudumu likiingia shimoni, nguvu inayopita kwenye kiungo hupanda ghafla mara kadhaa ya ile ya kawaida. Kwa sababu hiyo kifaa hakipimwi kwa mzigo wa kila siku peke yake. Huachiwa akiba kubwa ya nguvu.

Kwa wanyama wawili, mnyororo wa kila mmoja ukifungwa moja kwa moja kwenye fremu, yule mwenye hatua ndefu ndiye atakayevuta zaidi. Ufumbuzi wa zamani ni kufunga minyororo kwenye ncha mbili za mti mfupi wa mlalo, ulioshikwa katikati kwa pini ili uweze kucheza. Mmoja akitangulia kidogo, mti hugeuka, na mzigo huendelea kugawanyika sawa.

Chumvi na kutu

Kisiwani hakuna fundi anayeweza kuisahau chumvi. Gari linaloteremka ufukweni kuchukua mwani au mchanga hulowa maji ya bahari, na kutu huanzia ndani ya bomba, mahali jicho halifiki. Bomba lililozibwa ncha zote kwa kuchomelewa halipitishi maji. Lililo wazi litobolewe tundu dogo upande wa chini ili lijikaushe. Alama za kuchomelea zisafishwe kwa brashi ya waya kabla ya kupakwa rangi ya kuzuia kutu, na baada ya safari ya pwani gari lioshwe kwa maji baridi. Pini na ekseli zipakwe grisi.

Mteremko na usiku

Kiungo hakivuti tu, huzuia pia. Katika mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo, gari la kilo 700 husukuma mbele kwa takriban kilo 70. Msuguano wa matairi kwenye lami hupunguza kama kilo 21, na karibu kilo 49 zinazobaki humsukuma mnyama kutoka nyuma. Nira pekee haikuundwa kwa kazi hiyo. Punda anahitaji mkanda wa nyuma ya mapaja uliofungwa kwenye mikono. Gari la ng'ombe linahitaji breki, hata kama ni ubao tu unaokandamizwa kwenye tairi kwa mkono wa chuma.

Usiku, gari lisilo na taa ni hatari kwa wote. Vibandiko vinavyoakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma, ni bei ndogo ikilinganishwa na maisha.

Ukaguzi kabla ya safari

Mwenye gari hahitaji karakana ili kujua hali ya vifaa vyake. Apitishe mkono ndani ya nira kutafuta ncha kali. Atazame nyufa pembeni ya kila alama ya kuchomelea, kwa kuwa ufa huanzia hapo. Achomoe pini na kulinganisha sehemu iliyolika na ile ambayo haijaguswa. Ainue mikono ya gari lililopakiwa kabla ya kumfunga mnyama. Ikiwa yeye mwenyewe hawezi kuishikilia kwa muda mfupi, asitarajie shingo ya ng'ombe kuibeba siku nzima.

Mwisho atazame shingo na mabega ya mnyama. Manyoya yaliyonyonyoka au ngozi iliyovimba ni dalili kwamba nira haikai sawa. Dawa ya kidonda itasaidia pale tu nira itakaporekebishwa na mnyama kupewa mapumziko. Mwenye gari anayepuuza dalili hiyo hupoteza siku nyingi za kazi kuliko zile ambazo angempumzisha.