Shule Zetu na Kazi za Mikono



Wazazi wengi wa hapa Karagita huuliza: mbona kijana aliyemaliza shule akiingia shamba la maua hufundishwa kazi upya, kana kwamba hakuketi darasani? Swali hili ni la siku nyingi.

Ripoti ya Fraser ya mwaka 1909 ilishauri kwamba Mwafrika afundishwe hasa kazi za mikono. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru nchi yetu ikatoa shauri lililokaribiana na hilo, na mwaka uo huo chuo cha ufundi kikafunguliwa Kabete. Wazazi wengi hawakuridhika. Si kwamba waliidharau randa. Walitambua kuwa kalamu ndiyo iliyofungua mlango wa ofisi. Tazameni Njoro, si mbali na kwetu: mwaka 1939 Shule ya Kilimo ya Egerton ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa Kizungu. Wao walifundishwa kilimo wapate kumiliki na kusimamia mashamba. Wetu walifundishwa jembe wapate kuajiriwa. Udongo ulikuwa mmoja.

Baada ya Uhuru wa 1963 walihitajika makarani na maofisa, na shule zikawatoa. Lakini kufikia mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilikuwa likiuliza waliomaliza shule za msingi waende wapi, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini.

Januari 1985 ukaanza mpango wa 8-4-4, uliotokana na Tume ya Mackay ya 1981. Nia yake ilikuwa njema: kilimo, useremala, ushonaji, upishi. Ila karakana ziliachiwa wazazi wajenge kwa harambee, na penye umaskini hazikujengwa. Mimi nilisoma chini ya mpango huo. Nilichora randa kwa penseli nikapata alama nzuri. Randa yenyewe niliishika mara ya kwanza nilipokwisha kuacha shule, kwa mjomba wangu. Labda ndiyo sababu nikawa karani!

Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na sasa watoto wanafuata mtaala wa umilisi, unaotaka tena mikono itende. Kwa hiyo naomba, kabla ya mchango wa mwaka huu kukatwa, kamati izuru shule zetu ikahesabu meza za ufundi, misumeno na cherehani zilizopo, kisha hesabu hiyo isomwe mbele ya wanachama wote.